Gurudumu la Mbele Lililia, Nami Nikanyamaza

Kwa mume wangu,

Salamu zangu nazituma hivyo hivyo, ingawa sijui zitapokewa wapi. Eda nimeimaliza. Miezi minne na siku kumi nilikaa chumbani kwa mama yako na nguo zangu nyeupe, na muda wote huo watu waliingia na kutoka kunipa pole, nami nikazipokea pole zao huku nikijua si zangu zote. Sasa nimetoka. Nimekaa uani, pale pale palipokuwa karakana yako na jiko langu, naandika kwa herufi zile zile nilizofundishwa na baba yangu, ulizokuwa ukinitania kwamba nimeziandika kwa kidole cha mguu.

Kuna neno sikukwambia. Nilikuwa nalo mdomoni siku tatu nzima, na siku ya tatu ukaondoka ukafa. Nataka kulisema hapa. Lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikianza nalo peke yake utaniona mbaya kuliko nilivyo.

Unakumbuka uliporudi vitani, kutoka Bama kwa Wajapani? Wenzako walirudi na mablanketi na viatu, wewe ukarudi na sikio moja. La kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto ulisema lina nyenje ndani yake asiyelala. Mtu akikusemesha upande wa kulia ulitabasamu tu, na wageni wakadhani una maringo. Kisha ukaileta ile pikipiki ya jeshi, ya rangi ya majani makavu, ukapata kazi ya kupeleka karatasi za tajiri wa mbata, zile nazi kavu, kutoka bohari yake ya Changamwe mpaka Mazeras na kurudi. Mama yako alisema kiziwi na mashine wapi na wapi. Mimi nilicheka. Sikujua kwamba sikio ulilolipoteza Bama utakuja kulitafuta kwangu.

Siku ya kwanza uliinyanyua mbele ukaiegemeza juu ya kinu changu nilichokuwa nimetoka kukiosha. Ukalizungusha gurudumu kwa mkono, ukalitazama likizunguka, uso umeukunja. Halafu ukaingia jikoni ukatoka na mwiko wangu.

"Njoo unisikilizie," ukasema.

Ukanionyesha. Kichwa cha mwiko kwenye chuma, pale ekseli inapopita, na mpini sikioni. Nilidhani wanifanyia mzaha, na nilitazama mlangoni kama mama yako anatuona. Lakini nilipotega sikio, gurudumu zima liliingia kichwani mwangu. Nilisikia lilivyokuwa likijikwaruza ndani kwa ndani, kama jiwe la kusagia lililoingiwa na mchanga. Nikakwambia hivyo, na uso wako ukakunjuka. Ulisema huko jeshini fundi wenu alikuwa akisikiliza kwa bisibisi, lakini mwiko ni bora, hauchomi sikio.

Ndivyo nilivyojifunza beringi ni kitu gani. Vipete viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine, na gololi zinazozunguka katikati yake, beringi moja kila upande wa gurudumu. Zikiwa nzima, gurudumu linakwenda na wewe husikii kitu. Zikichakaa, gurudumu linaanza kuchezacheza, kisha linanguruma, na ukilipuuza siku moja linakamata. Hilo la kukamata uliniambia mara moja tu, ukafunga kiganja chako ghafla mbele ya uso wangu, nami nikaruka.

Tulizibadilisha za gurudumu la nyuma hapa hapa uani, mimi na wewe. Naikumbuka siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Beringi mpya ulizitia kwenye kopo lenye mfuniko, ukaliteremsha kisimani kwa kamba tangu alfajiri ili zipoe na kunywea. Zile kongwe ulizigonga kwa kipande cha nondo zikatoka na uchafu mweusi, ukasafisha nafasi yake kwa mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na sufuria ya maji yanayotokota juu ya mafiga. Nilichovya matambara, nikayazungushia kitovu cha gurudumu ili chuma kipate moto kitanuke, nikavichoma vidole vyangu vyote, na wewe wanihimiza, haraka mama, haraka, kitapoa hicho. Kisha nikakimbilia kisimani kuvuta kopo. Uliiweka beringi mpya mahali pake, juu yake ukaiweka ile mbovu, ukagonga juu ya ile mbovu polepole ukizunguka ukingo. Mpya ikaingia taratibu ikisukumwa na kongwe.

"Pete ya nje tu," ukanambia. "Ukiigonga ya ndani umeiua beringi kabla haijafanya kazi."

Nilipotega mwiko sikusikia kitu. Ulinitazama usoni ukangoja. Nilitikisa kichwa kwamba hapana kitu, kimya kabisa, na wewe ukacheka hata ukakaa chini.

Tangu hapo nilikuwa nakujua unakuja kabla mbwa hawajakujua. Kila alasiri nilikusikia ukiiacha barabara kubwa ya Miritini, ukishuka njia ya Jomvu, ukipunguza mwendo penye kona ya msikiti. Nilitia majani ya chai kwenye birika ukiwa konani, na ulipoingia uani chai ilikuwa tayari. Hukujua nilivyokuwa nikifanya. Ulidhani ni bahati yako.

Sasa nifike kwenye mwiko.

Jumapili ile ulisikiliza mnyororo, au ulinitaka nikusikilizie, sikumbuki vizuri. Nakumbuka ulivyoufuta mwiko kwa upindo wa shati lako ukaurudisha jikoni na grisi ingali kwenye mkunjo wa kichwa chake. Sikuuona. Niliupikia wali wa nazi, siku ambayo mama yako alikuwa amealika ndugu zake wawili kutoka Kisauni. Akala matonge mawili, akaweka mkono chini. Akasema mbele za watu, "Wali huu wanuka gari." Watu walicheka. Wewe nawe ulicheka, maana hukusikia vizuri na uliona wengine wanacheka. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Nilijua kwamba hukusikia, na hata hivyo nilikuhesabia.

Jioni ulipokuja jikoni na kuniambia kesho nikusikilizie gurudumu la mbele kwani unalihisi mikononi, nilikujibu bila kugeuka. Nilisema, "Tafuta sikio jingine." Na kwa kuwa nilijua umesimama vibaya, niligeuka nikalirudia upande wako wa kushoto, ulisikie vizuri.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, mume wangu. Baada ya hapo nilikununia. Nilikuwekea chakula, nilikufulia, nilikutilia maji ya kuoga, na mdomo nikaufunga.

Jumatatu ulipoondoka nililisikia. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Halikuwa kubwa, ni mkwaruzo tu ulipokuwa ukigeuza. Nikajiambia nitakwambia jioni. Jioni ulirudi na mkwaruzo umekuwa mngurumo, niliusikia tangu konani, na chai sikuitia. Nilijisemea, aombe kwanza radhi, nitamwambia. Jumanne hali ikawa ile ile. Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda, uliinyanyua mbele juu ya kinu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mgongo nimekupa. Ulilizungusha gurudumu polepole, likanguruma. Ukalisimamisha. Ukalizungusha tena. Nilijua unanitazama. Nilidhani wanichokoza, kwamba unalichezea gurudumu ili nishindwe kujizuia nigeuke nicheke, kama ulivyozoea kufanya. Nikajitia hamnazo nikaendelea kukuna. Ulilizungusha mara tatu. Kisha nikasikia kinu kikivutwa, na ukaondoka.

Walikukuta kwenye mteremko wa kutoka Mazeras, pikipiki upande huu na wewe upande ule. Madereva wa malori ndio waliokuleta.

Watu wana sababu yao, na nikwambie uijue. Mchunga mbuzi mmoja, Mduruma wa upande wa Miritini, alisema mbuzi wake alikata njia ulipokuwa ukiteremka. Siku ya tatu ya matanga alikuja mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia akilia kwa mama yako, mtu mzima, akiomba asamehewe. Mama yako alimwambia ni kudura ya Mungu, hana deni. Lakini kila Ijumaa alirudi. Alikuja na maziwa, akayaweka kizingitini, akauliza mama ameamkaje, akaenda zake. Miezi minne yote. Nilikuwa nikiyanywa maziwa yake. Nilikuwa nikiyanywa, na sauti ya gurudumu imo masikioni mwangu, na sikufungua kinywa.

Tena si kwa kukumbuka tu. Niliisikia kweli. Kila alasiri, wakati wako ule ule, nikiwa juu ya mkeka nikisoma, gurudumu lilinguruma kwenye kona ya msikiti. Mara ya kwanza niliinuka kabla sijafikiri. Nilimwuliza mama yako kama amesikia pikipiki, akanitazama kwa huruma akaanza kunisomea dua. Sikumwuliza tena. Pikipiki yenyewe ilikuwa kwa fundi Changamwe, uma wake unaoshika gurudumu la mbele umepinda. Mimi niliisikia hapa. Ilifika konani ikakoma. Haikuingia uani hata siku moja.

Eda ilipoisha, mdogo wako Athmani aliileta, uma umenyooshwa na kingine hakikuguswa. Tajiri wa mbata amempa kazi yako. Aliifuta, akaipiga teke, ikawaka, akaizungusha uani amefurahi kama mtu aliyepata mke. Mimi nilikuwa jikoni. Ilikuwa ile ile. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto, sasa likiwa limeoza kabisa.

Kusema ni kusema yote, maana wataniuliza nimejuaje, na nimejua tangu lini. Kunyamaza ni kumzika na yeye. Athmani alikuwa ameshafika mlangoni, mguu mmoja chini, anavaa kofia yako.

"Athmani, zima," nikasema.

Akazima. Akaniuliza kuna nini, shemeji.

"Gurudumu la mbele lalia. Usiende nalo."

"Wajuaje, nawe umo jikoni?"

"Nalijua. Lililia na siku ile."

Mama yako alikuwa barazani na ungo, anachagua mchele. Mkono wake ukasimama. "Siku ipi?" akauliza, na alijua.

Nikasema. Nilisema mwiko, na Jumapili, na sikio jingine, na Jumatatu na Jumanne na Jumatano, na jinsi nilivyokuwa nikikuna nazi. Sikulia. Nilitaka wanipige, au wanifukuze, nichukue kisanduku changu niende kwetu. Athmani alitazama chini. Mama yako alizirudisha punje za mchele kwenye ungo.

"Wali ule haukuwa na neno, mwanangu," akasema mwisho. "Nilisema kwa kusema."

Halafu akamwambia Athmani akalete mkoba wako. Ulikuwa umetundikwa msumarini chumbani kwake tangu ulipoletwa, na alikuwa amekataza usiguswe mpaka eda iishe na mirathi igawanywe. Sasa alisema ufunguliwe, spana zimo humo, gurudumu litengenezwe leo leo.

Athmani alitoa spana, akatoa nyundo, akatoa matambara. Akatoa kifurushi cha karatasi ya mafuta. Nilikijua kabla hajakifungua. Beringi mbili, mpya, za gurudumu la mbele. Ulizinunua lini, mume wangu? Ulikuwa nazo mkobani. Na chini kabisa ya mkoba, umefungwa kwa kamba ya katani, ulikuwamo mwiko. Mwiko mpya, mweupe, haujawahi kuonja mchuzi. Mpini wake umeutia alama kwa chuma cha moto, ile alama uliyokuwa ukivitia vyombo vyako vya kazi ili visichanganywe na vya wengine.

Ndipo nikalia.

Kumbe ulikuwa hunichokozi. Ulilihisi gurudumu mikononi, ukanunua vya kulitengenezea, ukanunua na mwiko wa gurudumu peke yake, ili wa jikoni kwangu usinuke, na asubuhi ile ulilizungusha mara tatu ukingoja nigeuke. Ulitaka kunionyesha. Ungeweza kwenda kwa fundi yeyote Changamwe. Ungeweza kunisemesha wewe kwanza, hilo nalo nakulaumu, na nitakulaumu mpaka nife. Lakini ulitaka moto wangu na kisima changu na sikio langu, na uliona vibaya kuviomba mara ya pili kwa mtu aliyekwambia utafute kwingine.

Tuliifanya kazi siku ile ile. Kopo liliteremshwa kisimani. Mama yako, ambaye hajapata kuigusa mashine ile, alikoka moto yeye mwenyewe kwa vifuu. Athmani alipoitoa beringi ya kushoto ilitoka vipande vipande. Kile kishikio chembamba kinachozitenga gololi kilikuwa kimekatika, na gololi mbili zimepasuka. Aliziweka kiganjani akazitazama sana. Nilimwuliza kama ndizo. Alisema hizi zaweza kulikamata gurudumu zikamwangusha mtu, na mbuzi naye alikuwako, na Mungu ndiye ajuaye lililotangulia. Nilitaka chuma kinihukumu, lakini hakikusema zaidi ya hapo.

Hakuwa anajua kuitia mpya. Aliinua nyundo akaielekeza katikati, nikamshika mkono.

"Pete ya nje tu," nikamwambia. "Ukiigonga ya ndani umeiua beringi."

Beringi ya kulia ilikuwa kongwe lakini nzima, nayo ndiyo tuliyoitumia kuzisukumia mpya zote mbili. Ziliingia. Grisi nilitia mimi, kwa vidole, kila gololi. Athmani alipolizungusha gurudumu nilichukua mwiko wako mpya nikautega. Nilikaa hivyo hata wakadhani nimesikia ubaya. Sikusikia kitu. Niliinua kichwa kukutafuta nikwambie, kama nilivyozoea, nikamkuta Athmani na mama yako wananitazama.

Safari ya kwanza ya gurudumu lile nilimtuma Athmani Miritini, kwa yule mchunga mbuzi. Nilimwambia amweleze yote, bila kunifunika. Alirudi akasema yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kama ni kweli, kisha akakaa chini katikati ya mbuzi wake akafunika uso. Ijumaa iliyofuata kizingitini hapakuwa na maziwa. Nilipaona pale patupu nikashukuru, na hapo hapo nikaona haya.

Athmani sasa anakwenda na kurudi, na simsikii. Anaingia uani ndipo nageuka, chai haijatiwa. Nilidhani na ile sauti nyingine, ya konani, itakoma, kwa kuwa beringi zile kongwe nimezizika mwenyewe chini ya mdimu. Haikukoma. Siku ile ile alasiri, Athmani yuko hapa mbele yangu anakunywa maji na pikipiki imeegemea ukuta, gurudumu lilinguruma kwenye kona ya msikiti, likasimama.

Siogopi tena, lakini sikudanganyi kwamba nimezoea.

Jana nilifanya nililopaswa kulifanya. Niliposikia, niliuweka chini ukuni niliokuwa nao, nikatoka mpaka mlango wa ua, nikasimama upande ambao ungekuwa ni kushoto kwako. Sikujali nani ananiona. Nikasema kwa sauti, kama unavyomwambia mtu aliyesimama hapa, "Lalia, mume wangu. La mbele, upande wa kushoto. Usiende nalo. Ingia ndani."

Kukawa kimya. Nikarudi, nikatia majani kwenye birika.

Barua hii naitia mkobani mwako, na mkoba naurudisha msumarini. Mwiko ninao mimi, haujaingia chunguni na hautaingia. Leo alasiri ukifika konani nitatoka tena nikwambie, na kesho, na kila utakapofika, mpaka siku utakayonisikia uingie, au usije tena upumzike. Lolote kati ya hayo mawili, mimi nimeridhia.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, mkeo.